Kipande cha Miezi Thelathini

Mama yangu alinipunguzia umri. Si kwa werevu ule wa wanawake wanaotaka binti zao waonekane wabichi mbele ya wachumba. Alinipunguzia mwaka mmoja na miezi mitatu kamili, wala hakuongeza hata siku, na mtu akithubutu kumsahihisha alimkodolea macho mpaka anyamaze. Sababu nitaieleza. Ila kwanza nimseme Abbasi, maana bila Abbasi habari hii haina kichwa, na kumsema Abbasi ni starehe ambayo uzee haujaninyima.

Abbasi alikuwa mtu wa Pwani, mwembamba, mwenye sauti ya asali na mizani ya shetani. Alifika Dodoma wakati wa Mdachi, gari moshi lilipoanza kufika, na siku hizo Dodoma ilikuwa stesheni, boma, nyumba chache za bati na vumbi la kuwatosha wote. Karibu na stesheni palikuwa na maduka matatu. Abbasi akafungua la nne, akachora hilali ya buluu juu ya mlango, na watu wakaliita Duka la Mwezi.

Mama aliitwa Mwantum, Mrangi wa Kondoa, aliyemfuata mumewe hadi huku Ugogoni. Mume ndiye baba yangu, Msafiri, kibarua wa reli. Baba alibeba mataruma, yale mapau ya chuma yanayolaliwa na reli, na mama akawapikia vibarua kumi na wawili ugali na mlenda, kila mmoja akimchangia hela zake. Mimi, Swaumu, nilikuwa mgongoni au kwenye kivuli cha jiko. Haya ninayoyasimulia mengi sikuyaona kwa akili yangu. Niliyasikia kwa mama, kwa baba, na kwa jirani yetu Raheli, Mgogo aliyesoma kwa wamisheni wa Mvumi na ambaye hakuwa na haja ya kusema uongo.

Mama alikuwa bahili, na nalisema neno hilo kwa heshima. Alijua kwamba siku moja baada ya behewa la mizigo kushushwa, bei ya unga hulegea, basi alinunua Jumatano na si Jumatatu. Alinunua makombo ya chini ya gunia, yale yenye mchanga ambayo wengine waliyasonya, akayapepeta na kuyachekecha mara tatu mpaka unga wake ukawa safi kuliko wa juu ya gunia. Jiwe la chumvi ya Bahi alilinunua nusu kwa nusu na Raheli na kulipasua kwa shoka. Hakuondoka dukani bila nyongeza, hata kama ni kitunguu kimoja kilichoota. Na hakukubali kibaba cha mfuto. Muuza duka akipitisha kijiti juu ya kibaba kukisawazisha, mama aliushika mkono wake na kusema, "Cha tele, bwana. Haba na haba ndiyo hujaza kibaba, nawe unanipunguzia haba yangu."

Sasa niseme kuhusu kipande, kwa vijana wasiokijua. Kila kibarua alipewa kadi ya karatasi ngumu yenye nyumba thelathini. Siku aliyofanya kazi, mnyapara aliitia alama nyumba moja. Jumapili, siku ya homa, siku ya msiba, nyumba ilibaki tupu. Zikijaa zote thelathini ndipo mtu alipolipwa, na hapo husemwa kwamba amemaliza mwezi. Mwezi huo uliweza kuchukua siku arobaini au sabini. Hakuna aliyeangalia juu. Utamsikia kibarua akisema, "Mwezi wangu bado," na kumbe mwezi wa mbinguni umekwisha andama mara mbili. Dodoma nzima iliongea hivyo, hata watoto.

Abbasi alilijua hilo. Ndiyo maana nasema hakukosea, aliiba.

Siku moja mpiga mbiu alipita mtaani na debe akitangaza habari ya Duka la Mwezi. Kila mnunuzi atapewa kipande cha duka. Akinunua vitu vya robo rupia kwa siku, atagongewa muhuri mmoja. Muhuri kwa siku ni mmoja tu, hata ununue duka zima. "Jaza mwezi, uondoke na gunia la mtama! Bure! Bure kabisa!" Watu walikimbilia huko kama kuku waliomwagiwa pumba. Abbasi mwenyewe alikata vipande kutoka kwenye maboksi ya nguo, akapiga mistari ya nyumba thelathini, na muhuri aliuchonga kwa mti: hilali ndogo, iliyochovywa kwenye wino wa buluu.

Mama alifanya hesabu yake akiwa amechuchumaa mekoni. Kwa vibarua kumi na wawili, robo rupia kwa siku alikuwa akiitumia tayari. Alichotakiwa ni kuhamia duka moja tu na kuvumilia. Na gunia la mtama lingetuvusha hadi mavuno, maana hapa kwetu Januari na Februari ni miezi ya kutazamana. Ghala limekwisha na shamba halijatoa kitu. Akahamia kwa Abbasi. Hapo mizani ilipunja kidogo, naye akalijua hilo, akanyamaza kwa ajili ya gunia.

Kila jioni alinionyesha kipande. Raheli alinisimulia kwamba nilijifunza kuhesabu kwa zile hilali, moja, mbili, tatu, kabla sijajua kutaja jina la baba yangu sawasawa. Mama alikihifadhi ndani ya kibuyu cha mbegu ili panya wasikifikie.

Kipande cha mama kilipofika hilali ishirini na tatu, taruma lilianguka kwenye mguu wa baba. Cha baba kilikuwa na alama ishirini na mbili. Mkandarasi wake akasema kwamba mwezi wa Msafiri haujajaa, hivyo hana malipo. Akipona aje amalizie zile nane. Baba alirudishwa nyumbani kwenye machela, mguu umefungwa kwa vijiti. Vibarua wenzake walipelekwa mbele, huko magharibi, na sahani kumi na mbili za mama zikabaki sita.

Tangu siku hiyo gunia la Abbasi halikuwa tena nyongeza. Lilikuwa ndicho chakula chetu chote. Mama aliuza bangili zake za shaba, moja moja, apate robo rupia ya siku, akanunua alichoweza kula, kingine akakiuza tena kwa majirani kwa hasara, ili tu agongewe muhuri. Jumapili aliruka, maana siku hiyo vibarua hawali kwake. Siku tano alikosa kwa kumuuguza baba. Siku ya arobaini na moja hilali ya thelathini iligongwa, na kesho yake asubuhi mama alijifunga kanga mpya ya kuazima akaenda kuchukua gunia lake. Raheli alikwenda naye wasaidiane kubeba.

"Bwana Abbasi, habari za asubuhi. Mwezi wangu umejaa."

Abbasi alikipokea kipande, akapitisha ukucha juu ya nyumba zote, akatabasamu. "Ulianza lini, mama Swaumu?"

"Kabla ya mvua ya kwanza."

"Basi umechelewa. Mimi nilisema jaza mwezi. Mwezi ni huo wa juu, tangu kuandama hadi kuandama. Wewe umechukua mwezi na zaidi."

"Lakini hiki ni kipande, bwana. Mwezi wa kipande ni nyumba thelathini."

"Kipande ni huko relini. Hapa ni dukani." Akauinua muhuri wake akauonyesha watu waliokuwa wakisubiri. "Hii alama ni nini? Hilali. Ningetaka mwezi wa vibarua ningechora jembe."

Watu walicheka. Mama aliniambia kwamba njaa alikuja kuisahau, lakini kicheko kile hakukisahau, na aliweza kuwataja mmoja mmoja waliocheka na walikuwa wamesimama wapi.

Kisha mama akauliza polepole, "Mwezi uliopita ulikuwa na siku ngapi, bwana?"

"Ishirini na tisa."

"Na nyumba ulichora ngapi? Na muhuri kwa siku ni mmoja. Hata malaika angenunua kwako kila siku asingejaza."

Hapo hakucheka mtu. Abbasi akamrudishia kipande kwa ncha za vidole. "Miezi ni ya Mungu, mama Swaumu. Nenda kamlalamikie."

Wangekwenda kwa akida, mwamuzi aliyewekwa na Mdachi, utasema. Akida alikuwa akinywa chai ya Abbasi kila asubuhi, na kwenye baraza lake kiboko kilining'inia ukutani mahali ambapo watu wengine hutundika saa. Mwanamke aliye peke yake, mume yuko kitandani, anampeleka tajiri barazani kwa ajili ya gunia la bure? Mama hakuwa mjinga. Alikitia kipande ndani ya kibuyu akafunga mdomo wa kibuyu kwa gunzi.

Wiki ile ile nilipelekwa Kondoa. Mjomba alikuwa anarudi na wabeba asali, siku sita kwa miguu, akanichukua mabegani. Kule kwa mama mkubwa, Mwajabu, kulikuwa na viazi vitamu na maziwa. Nilikuwa na miaka mitatu. Raheli alisema sikulia mpaka nilipogeuka nikaona mama hafuati, na kwamba mama aliingia ndani kabla sijageuka, na kwamba kwa siku tatu hakumsemesha mtu isipokuwa baba, naye kwa mambo ya lazima. Namchukia Abbasi kwa mambo mengi, lakini kwa hizo siku tatu namchukia zaidi.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka mzima mama alimsalimia Abbasi kwa adabu. Baba alianza kutembea kwa fimbo. Mama, kwa kuwa sahani zote zilikuwa zimekwisha, aligeukia kusaga. Alilikuta jiwe la kusagia la Raheli nje ya nyumba, akapiga magoti, akawa anasagia watu mtama wao na kulipwa unga, kibaba kwa pishi. Unga wake ulipata jina. Mtu aliyezoea kuchekecha makombo ya gunia, ukimpa mtama mzuri anakutolea unga usio hata punje ya mchanga. Na alipokuwa akisaga alizungumza na wanawake wenzake, na kidogokidogo akagundua jambo: karibu kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na kipande chenye hilali za buluu. Wengine vyao vilijaa, wengine waliishia katikati baada ya kusikia yaliyompata yeye. Aliwaambia wote neno moja, "Msivitupe."

Mvua ya mwaka wa pili ilipoanza, Abbasi alipata neema kubwa. Alishinda zabuni ya kupeleka unga kwenye kambi za reli huko magharibi. Magunia thelathini ya unga laini yawe stesheni mwezi utakapoandama, na zabuni ikienda vizuri ataendelea kupewa mwaka mzima. Mtama alikuwa nao. Hakuwa na wa kuusaga, na unga wenye mchanga ulikuwa umewafukuzisha wauzaji wawili waliomtangulia. Akauliza ni nani asagaye unga usiokwaruza meno. Kila aliyemuuliza alimwelekeza kwenye mlango wetu.

Alikuja mwenyewe na kofia yake ya kazi ya darizi. Raheli alikuwepo, akawa anachagua mchicha, akajifanya hasikii.

"Mama Swaumu, wewe na wenzako mnaweza kunisagia gunia moja kwa siku?"

"Tukiwa kumi tunaweza."

"Basi magunia thelathini. Mwezi mmoja. Malipo mazuri, kila gunia likitoka nakugongea muhuri ili tusije tukakosana hesabu."

Mama aliacha kusaga. Raheli alisema aliuona mkono wake umeshika jiwe mpaka vidole vimekuwa vyeupe kwa unga na kwa kubana.

"Kwa kipande, Bwana Abbasi?"

"Kwa kipande."

"Utanikatia kipande, nyumba thelathini?"

"Sasa hivi," akasema Abbasi, mwenye haraka ya kwenda kuhesabu faida. Alitoa kipande mfukoni, mabaki ya vile vya zamani, na kwa kuwa Raheli alijua kuandika, mama alimwomba amwandikie nyuma yake: *Mwantum atasaga magunia thelathini, mwezi mmoja, kwa kipande.* Abbasi akatia sahihi bila kusoma mara mbili. Mtu anayewatega wengine mara nyingi husahau kutazama anapokanyaga.

Mama aliwachagua wasagaji tisa, Raheli akiwemo, na hakuchagua kwa nguvu za mikono. Alichagua kwa vibuyu. Kila mmoja wa wale tisa alikuwa na kipande cha hilali nyumbani kwake.

Wakasaga. Unga ulitoka kama majivu meupe, na Abbasi mwenyewe alichovya kidole akaramba akasifu. Siku ya kwanza muhuri. Siku ya pili alikuta mawe yamekauka.

"Leo vipi?"

"Leo Ijumaa, bwana. Wewe si Mwislamu?"

Jumapili alikuta tena kimya. Raheli na wenzake wa Mvumi walikuwa kanisani. "Tukisaga wenyewe bila wao gunia halitatimia," mama akamwambia, "na sitaki kukupunja." Jumatano ilikuwa siku ya kununua vitu baada ya behewa, ambayo mama hajawahi kuiacha tangu aijue Dodoma. Ikanyesha mvua, basi kila mwanamke alikwenda kupalilia, kwa sababu magugu hayamsubiri tajiri. Akafariki mzee wa Msalato, wakaenda kuzika, siku mbili. Kila Abbasi alipokuja na uso wa wasiwasi mama alimjibu kwa ile sauti ya asali aliyojifunza kwake.

"Usihofu, bwana. Mwezi utajaa."

Abbasi alijaribu kutafuta wasagaji wengine, akazunguka mtaa hadi mtaa. Kila mlango aliobisha alijibiwa kwamba mgongo unauma. Sijapata kusikia mji wenye migongo mibovu kama Dodoma ya mwezi ule.

Hilali ilipoonekana juu ya vilima, stesheni palikuwa na magunia kumi na matano. Bwana mkubwa wa kambi aliyahesabu mara moja tu. Zabuni ilikwenda kwa duka la pili kutoka la Abbasi, na asubuhi yake Abbasi alimburuta mama barazani kwa akida, akidai fidia kwa mwanamke aliyevunja ahadi na kumharibia jina.

Baraza lilijaa. Mama alikwenda na baba mwenye fimbo, na Raheli, na wasagaji wengine wote. Abbasi alisema maneno mengi. Akida, mtu mnene aliyeogopa mambo mawili tu, boma na mkewe, alimgeukia mama. "Uliahidi magunia thelathini kwa mwezi mmoja?"

"Niliahidi, bwana akida. Na ninaendelea nayo. Mwezi haujajaa."

"Jana tumeuona mwezi!" Abbasi akadakia.

"Huo ni wa Mungu. Mimi nina wa kipande." Akamkabidhi Raheli kile kipande chenye sahihi. "Kisome."

Raheli alisoma yale maandishi ya nyuma kwa sauti ya kanisani. Kisha akaonyesha upande wa mbele, hilali kumi na tano, nyumba kumi na tano tupu. Akida alikitazama kile kipande, halafu akamtazama Abbasi, na uso wake ukabadilika kwa sababu sasa jambo lilikuwa limeingia mahali alipopajua. Kila mwezi yeye mwenyewe alikwenda bomani na vipande vya vibarua. Kama angekubali kwamba mwezi wa kipande ni mwezi wa mbinguni, kesho vibarua wote wa wilaya wangedai kulipwa kila hilali, na Mdachi angemuuliza ni nani aliyeanzisha fitina hiyo.

"Hiki umekata wewe?"

"Nimekata mimi, lakini..."

"Na sahihi ni yako?"

"Ndiyo, lakini mwezi, bwana akida, kila mtu anajua mwezi..."

"Kila mtu anajua," akida akasema, na akakitazama kiboko chake, "kwamba mwezi wa kipande ni alama thelathini. Ndivyo serikali inavyohesabu. Wewe ni nani hata uhesabu tofauti na serikali? Mwanamke huyu atamaliza magunia yake kwa wakati wake, nawe utamlipa kila gunia kama mlivyokubaliana. Kesi imekwisha."

"Bado kidogo, bwana akida," mama akasema.

Akatoa gunzi kwenye kibuyu. Akatoa kipande cha zamani, kilichopauka, hilali thelathini za buluu bila nyumba tupu hata moja, akakiweka mkekani mbele ya akida. "Hiki pia alikata yeye. Kipande ni alama thelathini. Umesema mwenyewe, mbele ya watu." Na nyuma yake wanawake wale tisa wakafungua vitambaa vyao na vibuyu vyao. Sita vilikuwa vimejaa. Wakaviweka kimoja juu ya kingine.

Walicheka watu, safari hii wakimcheka mwingine. Mama aliwatazama waliocheka, akaona wawili kati yao walikuwa ni wale wa dukani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Akida hakuweza kurudi nyuma kwa neno alilolitoa kwa jina la serikali. Abbasi alitoa magunia saba siku ile ile, na yale kumi na matano aliyobakiwa nayo ya kusagwa alilipia yote, gunia kwa gunia, unga asiokuwa na wa kumuuzia. Gunia la mama lililetwa likiwa halijajaa hadi mdomoni. Akalirudisha dukani akiliburuza peke yake. "La tele, bwana. Si la mfuto." Abbasi alijaza kwa mikono yake, kibaba baada ya kibaba, mpaka mtama ukamwagika, mama akaokota ule uliomwagika nao akaurudisha ndani.

Hapo ndipo Abbasi alipoisahau ile sauti yake tamu. "Mama Swaumu, umeniua. Tusameheane basi."

"Nitakusamehe mwezi ukijaa," mama akamjibu.

"Mwezi upi?"

"Chagua mwenyewe."

Kabla ya mavuno Duka la Mwezi lilikuwa limefungwa, na Abbasi alipanda gari moshi kurudi Pwani na boksi moja. Watu wanasema mama alikwenda stesheni kumwangalia akiondoka. Hakwenda. Alikuwa njiani kuelekea Kondoa, akiwa na kibuyu cha uji na viatu vya ngozi alivyomwomba Raheli, akija kunichukua.

Nami nayakumbuka mwenyewe yafuatayo. Haya hakunisimulia mtu. Nilikuwa nachezea maganda ya viazi mlangoni kwa mama mkubwa Mwajabu. Mwanamke mwenye vumbi hadi magotini alisimama mbele yangu, akapiga magoti, akataja jina langu. Nikakimbia nikajificha nyuma ya Mwajabu, nikashika nguo yake, nikapiga kelele, "Mama! Mama!"

Mwajabu alilia. Mama hakulia. Alikaa palepale chini, akatoa kile kipande cha zamani, akanyoosha mkono, na akaanza kuzihesabu zile hilali kwa sauti, moja, mbili, tatu, kwa lafudhi yake ileile ya jioni. Alipofika kumi na moja nikatoka nyuma ya nguo. Alipofika ishirini nilikuwa nimeweka kidole changu kwenye kipande. Hadi leo sijui kama nilimkumbuka yeye au nilizikumbuka hilali.

Miaka ikapita, nikafika umri wa kuolewa, sheikh akauliza miaka yangu. Mama akasema kumi na tano. Mwajabu, aliyekuja kwa harusi, akasema, "Hapana, kumi na sita na ushee, mimi mwenyewe niliishi naye." Mama akamgeukia dada yake, aliyempenda kuliko watu wote. "Siku ambayo hukuifanyia kazi haitiwi alama," akasema. "Mwaka ule sikumlea. Si wangu, na wala si wako, dada. Huo anao Abbasi. Gunia amelipa, mwaka hajalipa."

Sheikh aliandika kumi na tano.

Alipokuwa mahututi, mzee sana, nilimwomba amsamehe Abbasi, maana watu husema si vizuri kwenda na kinyongo. Alikuwa amefumba macho, nikadhani hakusikia. Kisha akasema, kwa sauti nyembamba lakini isiyotetereka, "Aliniambia miezi ni ya Mungu, nikamlalamikie. Si ndiko ninakokwenda?"

Tulimzika kesho yake. Kipande ninacho mimi, ndani ya kibuyu kilekile, na gunzi halijatolewa tangu hapo.